Mzee wa Kutulo Mbele ya Picha za Nairobi

Msafiri atokaye Wajir kwenda Mandera kwa njia ya Elwak hupita Kutulo. Ni mji mdogo wa nchi kavu, mwenye maduka na misikiti, na mifugo hupita kati yake asubuhi na jioni. Watu wake wengi huishi kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na biashara. Picha za kutundika ukutani si desturi yao ya tangu zamani. Nyumba ya mfugaji ni ya fito na mikeka, na siku ya kuhama hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Nyumba ya namna hiyo haina ukuta wa kupigiliwa misumari. Tena watu wa Kutulo ni Waislamu, na wengi wao huona si vema kuweka nyumbani sura ya kiumbe mwenye roho.

Kwa sababu hiyo yafaa isimuliwe habari ya mzee mmoja wa Kutulo, ambaye katika maisha yake yote hakupata kusimama mbele ya picha iliyochorwa kwa mkono, mpaka siku alipoingizwa katika Jumba la Makumbusho mjini Nairobi. Aliyoyaona siku ile, na yaliyompata moyoni, yana mafunzo kwa kila mtu aliye na wazee au aliyewapoteza.

SAFARI YA KUTAFUTA MACHO

Mzee huyo alikuwa amepita miaka sabini, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alipofika hali ya kumtambua ngamia wake kwa kengele tu, jamaa walishauriana apelekwe Nairobi kupasuliwa. Mpwa wake, mwana wa dada yake, alikuwa karani katika ofisi moja huko Wajir. Huyo akaomba likizo ili amsindikize.

Kwa Wasomali mjomba huitwa "abti", na mjomba naye humwita mpwa wake "abti" vile vile. Neno ni moja kwa pande zote mbili. Basi maabti hao wawili wakapanda basi, na safari yao ilikuwa ya zaidi ya kilomita 600, kwa Wajir na Garissa. Huko Garissa, penye daraja la mto Tana, abiria walishuka wakapanga mstari na vitambulisho mkononi, kama ilivyokuwa desturi. Askari aliitazama picha ya mzee, akautazama uso wake, akaitazama picha tena. Mzee alisimama kimya, kichwa amekiinua, kama mtu aliyezoea.

Alikuwa amezoea kweli. Nchi yake ilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya za mbali, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ilizidi kubana mwendo wa watu na mifugo yao. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, mwezi ule ule hali ya hatari ilitangazwa katika sehemu hizo za kaskazini mashariki, na haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katikati ya muda huo, mwaka 1989, Wasomali wa Kenya waliamriwa kwenda mbele ya kamati kuthibitisha kwamba wao ni raia, na waliokubaliwa walipewa kadi nyingine yenye rangi ya waridi.

Kwa hiyo mzee huyo alijua picha za namna moja tu, nazo ni zile ndogo zinazobandikwa katika kipande. Kwake picha ilikuwa kitu cha kumshitaki mtu. Mwenye madaraka huitazama ili apate kuamua kama uso ulio mbele yake ni wa mkweli au wa mwongo.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa, mzee alitazama viganja vyake kwa muda mrefu, kisha akamtazama mpwa wake, akacheka akasema, "Abti, nimekuacha kijana. Nani amekutia mvi?" Daktari aliagiza warudi baada ya siku tano. Siku tano ni nyingi kwa mtu asiye na mifugo ya kutazama. Siku ya tatu mpwa akasema, "Twende nikuonyeshe jumba ambamo serikali imeweka vitu vya kale."

KATIKA JUMBA LA MAKUMBUSHO

Jumba lenyewe liko juu ya kilima, si mbali na katikati ya mji. Lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, kwa kumbukumbu ya gavana mmoja wa Kenya, na baada ya uhuru likaitwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2005 lilifungwa ili litengenezwe na kupanuliwa, likafunguliwa tena mwaka 2008. Safari ya mzee ilikuwa miaka michache baada ya hapo.

Kitu cha kwanza kilichompendeza kilikuwa ni sanamu ya ndovu Ahmed, iliyosimamishwa nje kwa ukubwa wake halisi. Habari za Ahmed wa Marsabit alikuwa akizijua. Ndovu huyo alikuwa na pembe ndefu mno, hata mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri alindwe asiwindwe, naye akafa kwa uzee mwaka 1974. Mzee alizunguka sanamu ile mara mbili. Akasema kwamba alikutana na watu waliomwona Ahmed akiwa hai, wala hakudhani kwamba naye angemwona.

Kisha wakaingia ndani, wakafika mahali palipotundikwa picha za watu wa makabila ya Kenya. Hapo mzee alisita. Alimwuliza mpwa wake kwa sauti ya chini, "Je, watu huziabudu hizi?"

Mpwa akajibu, "La, abti. Huzitazama tu."

"Huzitazama ili wapate nini?"

Mpwa hakuwa na jibu la haraka. Alisema, "Ili wajue watu wa zamani walivyokuwa."

Swali la mzee halikuwa la ujinga. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana tangu zamani katika jambo hili la sura za viumbe. Wako waliokataza kila sura, na wako waliokataza yale masanamu yaliyochongwa na yale yanayotukuzwa, wakaruhusu picha kwa haja inayojulikana, kama vile kitambulisho au mafunzo. Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mtu aliyesafiri kilomita 600 kutafuta macho hawezi kuyafumba siku ya tatu. Akaingia.

MCHORAJI NA KAZI YAKE

Picha hizo zilichorwa na Bibi Joy Adamson. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo katika dola ya Austria, na ambao leo huitwa Opava katika nchi ya Cheki. Alifika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Hapo kwanza alichora maua na mimea ya nchi hii, na kazi hiyo ilimpatia nishani huko Uingereza mwaka 1947. Mwaka 1944 aliolewa na Bwana George Adamson, askari mkuu wa wanyama katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na hivyo akaijua nchi ya Garissa, Isiolo na Marsabit kwa miguu na kwa gari.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya, wakiwa wamevaa mavazi na mapambo ya kwao. Nia ilikuwa ni kuweka kumbukumbu ya vitu hivyo kabla havijapotea, maana vijana walikuwa wameanza kuvaa kaptura na shati, na wazee walikuwa wakiuza au kuyeyusha mapambo ya zamani. Kwa miaka kadhaa Bibi huyo alizunguka nchi nzima na hema lake na rangi zake. Alichora mamia ya picha: wazee wa mabaraza, waganga, wapiganaji, maharusi, wanawake wenye watoto. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya watu hao. Nyingi za picha hizo zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa.

Lakini ulimwengu haukumjua Bibi Adamson kwa picha hizo. Ulimjua kwa simba jike aitwaye Elsa, aliyelelewa na yeye na mumewe tangu mwaka 1956, kisha akarudishwa porini. Kitabu cha habari za Elsa kilitoka mwaka 1960, kikasomwa katika lugha nyingi. Bibi Adamson mwenyewe aliuawa huko Shaba, karibu na Isiolo, mwezi wa Januari 1980.

MZEE ATAZAMA

Mzee alipita mbele ya picha nyingi bila kusema mengi. Alitazama kama mfugaji atazamavyo mifugo ya mwenzake mnadani, yaani kwa utaratibu, toka kichwani mpaka miguuni. Mbele ya mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alitikisa kichwa kwa heshima. Mbele ya kijana mwenye mkuki alisema, "Huyu hajawahi kulala njaa."

Halafu akafika mbele ya picha ya mwanamke wa Kisomali, akasimama.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, amejifunga kitambaa kichwani kama wafanyavyo wanawake walioolewa, na shingoni alikuwa na shanga kubwa za kaharabu. Mzee alisogea, akasogea tena, mpaka mlinzi akakohoa. Alilitazama fundo la nguo begani, akaitazama kaharabu, akaitazama mikunjo ya pembeni mwa macho. Jicho lake lililopasuliwa lilianza kutoa machozi, na mpwa akadhani ni ugonjwa. Akataka kumtia dawa.

Mzee akamzuia. Akasema, "Liache. Hili halina ugonjwa. Hivi ndivyo mama yangu alivyojifunga."

Mama wa mzee huyo alifariki katika miaka ile ya vita vilivyoitwa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, wakati serikali ilipowakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikafa kwa kukosa malisho. Hakupigwa picha hata mara moja. Wakati huo mzee alikuwa kijana, na kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa akiushika uso wa mama yake kwa fikira tu. Kila mwaka fikira hiyo ilififia kidogo, kama alama ya moto juu ya ngozi ya ngamia mzee. Hapo mbele ya picha ya mwanamke asiyemjua, aliona namna ya kujifunga kitambaa, akaona shanga, na kutoka hapo uso wa mama yake ukamrudia.

Hakudai kwamba yule ndiye mama yake. Alijua kwamba siye. Alisema tu kwamba mwanamke yule na mama yake waliishi siku zile zile, walikunywa maziwa ya namna moja, na kwamba wangekutana kisimani wangesalimiana.

Alikaa mbele ya picha ile kwa muda wa karibu saa nzima. Watalii walipita, watoto wa shule walipita na mwalimu wao. Baadaye alimwambia mpwa wake jambo ambalo karani huyo amelikumbuka tangu siku hiyo. Alisema kwamba tangu azaliwe hakupata kuona uso wa Msomali ukitazamwa na watu wa serikali kwa muda mrefu hivyo bila kuulizwa, "Kipande chako kiko wapi?"

MAMBO MAWILI YALIYOKOSEKANA

Furaha ya mzee ilikuwa kubwa, lakini haikumziba macho. Alipokwisha kufuta machozi alianza kuikagua picha tena, na safari hii aliona makosa mawili.

La kwanza, mwanamke yule hakuwa na nchi. Bibi Adamson alikuwa na desturi ya kuchora watu wake juu ya karatasi nyeupe, bila kitu nyuma yao. Mzee aliuliza, "Amesimama wapi? Mbona hapana mchanga, hapana mti, hapana ngamia? Mtu wa kwetu ukimwondolea ngamia umebakisha nini?" Mpwa alijaribu kumweleza kwamba mchoraji alitaka mavazi yaonekane vizuri. Mzee akakubali kwamba mavazi yalionekana vizuri sana. Lakini alisema kwamba ni kama kumtoa mtu katika boma lake, kumsimamisha peke yake penye mwangaza, na kumwambia asiondoke.

Jambo la pili lilimgusa zaidi. Alimwomba mpwa wake amsomee maandishi ya chini. Mpwa akasoma. Kibandiko kilitaja kabila lake. Jina lake hakikulitaja.

Mzee akauliza, "Yule ndovu nje, jina lake limeandikwa?"

"Ndiyo, abti. Ahmed."

"Na simba wa yule mama mchoraji?"

"Elsa."

Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Basi na huyu naye alikuwa na jina. Mama yake alimwita jioni arudi na mbuzi, na jina hilo lilisikika mbali."

Haifai kumlaumu Bibi Adamson peke yake kwa kasoro ya namna hiyo. Katika siku za ukoloni watu wengi waliopigwa picha au kuchorwa waliandikwa kwa kabila tu, kama mfano wa aina fulani ya watu. Vile vile haifai kusahau kwamba bila kazi yake, namna nyingi za mapambo na mavazi zingekuwa zimesahauliwa leo kabisa. Alikaa na watu hao katika jua, akawatazama kwa bidii, na mkono wake ulikuwa mwaminifu. Mzee mwenyewe alikiri hivyo. Alisema kwamba fundo la kitambaa halikukosewa hata kidogo, na kwamba mgeni awezaye kulichora fundo lile sawasawa ametazama kwa heshima.

PICHA ZENYE NCHI NDANI YAKE

Jioni walipokuwa wakinywa chai, mpwa alimweleza mjomba wake juu ya picha nyingine alizoziona yeye mwenyewe alipokuwa akisoma huko Murang'a. Katika mji huo liko kanisa kuu la Anglikana lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 kijana mmoja mchoraji kutoka Tanganyika, Bwana Elimo Njau, aliyesoma Makerere, alichora katika kuta zake picha kubwa tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa mpaka kusulubiwa. Watu wote katika picha hizo ni Waafrika, na nchi inayoonekana nyuma yao ni vilima, mimea na nyumba za huko huko Murang'a. Bwana Njau baadaye, mwaka 1965, alishirikiana na wenzake kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi.

Karani huyo ni Mwislamu, na aliingia katika kanisa hilo pamoja na wanafunzi wenzake ili kutazama tu. Lakini alimwambia mjomba wake kwamba moyo wake ulishtuka. Hakushtushwa na mambo ya dini ile. Alishtuka kwa kuona kwamba mchoraji alikitwaa kilima ambacho watu wa pale hukiona kila siku wakienda shambani, akakiweka mahali pa heshima kuu. Mwanamke mmoja mzee wa pale alikuwa akifagia sakafu chini ya picha hizo. Kila alipofika mwisho wa ukuta aliinua macho akatazama, kama mtu anayehakikisha kwamba watoto wake wote wapo.

Mwingine aliyechora hivyo alikuwa Bwana Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akawa mwalimu wa sanaa huko Makerere, na baadaye Balozi wa Tanganyika mjini London. Katika picha zake watu ni wadogo na nyuso zao hazionekani sana, lakini nchi imewazunguka pande zote: migomba, njia, milima, na kila mtu ana kazi mkononi. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York.

Mzee alisikiliza yote, kisha akasema, "Basi hawa wamechora nchi, na yule mama amechora uso. Nani atachora vyote viwili, pamoja na jina?"

HESABU YA MABABU

Usiku huo, katika chumba cha kupanga, mzee hakulala upesi. Alianza kuhesabu mababu zake kwa sauti, kama alivyofundishwa utotoni. Hesabu hiyo Wasomali huiita "abtirsi". Mtoto hufundishwa jina la baba yake, na la baba wa baba yake, na kuendelea hivyo vizazi vingi, mpaka ajue mahali pake katika ukoo. Mtu asiyejua abtirsi yake huonekana kama ngamia asiye na alama. Mzee alitaja vizazi kumi na vinane bila kusita.

Halafu akajaribu upande wa pili. Alitaja jina la mama yake. Akataja jina la mama wa mama yake, baada ya kufikiri. Hapo akafika mwisho. Alijaribu tena, na mara ya tatu, wala hakupata jina lingine.

Mpwa, aliyedhani mjomba wake amelala, alimsikia akisema gizani, "Abti, nimemlaumu mtu wa makumbusho bure. Mimi mwenyewe ninabeba majina kumi na manane ya wanaume, na majina mawili ya wanawake. Nani basi aliyemwacha yule mwanamke bila jina? Hata kwetu asingeandikwa."

Katika habari hii yote hakuna neno zito kuliko hilo. Ni rahisi kwa mtu kuona kasoro katika kibandiko kilichoandikwa na mgeni miaka mingi iliyopita. Kazi ngumu ni kuitafuta kasoro hiyo hiyo katika kinywa chake mwenyewe, na mzee huyo aliifanya usiku, jicho moja likiwa bado linauma.

KURUDI KUTULO

Jicho la pili nalo lilipasuliwa baadaye, na mzee akarudi nyumbani akiona sawasawa. Watu walikusanyika chini ya mgunga kumpa pole na kumtaka habari. Aliwasimulia barabara, magari na bei ya nyama. Mwisho akawasimulia ile picha. Wanaume wengine walicheka, wakasema kwamba Nairobi imempa mzee mke wa karatasi. Lakini wanawake wazee waliokuwa wameketi nyuma hawakucheka. Mmoja aliuliza kaharabu zilikuwa ngapi. Mwingine aliuliza fundo lilikuwa bega gani. Wa tatu, ambaye alikuwa haoni tena, alisema kwamba kwa maelezo hayo mwanamke yule bila shaka ni shangazi yake, na alimtaja kwa jina. Wa nne akabisha, akamtaja mwingine. Kabla ya magharibi yalikuwa yametajwa majina mengi ya wanawake ambao hawakuwa wametajwa na mtu kwa miaka.

Mzee alimtuma mtoto dukani akanunue daftari. Mpwa wake alipokuja kwa likizo nyingine, alikuta kwamba mwanafunzi mmoja wa shule amefanywa karani wa mzee. Kila Ijumaa baada ya sala mwanafunzi huyo alikaa na wanawake wazee, mmoja mmoja, akaandika jina la kila mmoja wao, na la mama yake, na la mama wa mama yake, pamoja na mahali walipozaliwa na kisima walichonywa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mama wa mzee. Chini ya jina hilo mzee aliagiza yaandikwe maneno machache: kwamba alijifunga kitambaa chake kama yule mwanamke aliye katika jumba la Nairobi.

Picha hazikutundikwa Kutulo kwa sababu ya safari hiyo, wala mzee hakubadili mawazo yake juu ya sura za viumbe nyumbani. Hata hivyo vijana wana simu zenye kupiga picha, na katika simu hizo zimo nyuso za babu na bibi zao kwa mamia, nyingi bila jina lolote. Baada ya miaka sitini mjukuu atasimama mbele ya mojawapo, atatazama fundo la kitambaa, na moyo wake utataka kujua alikuwa nani. Basi kila aliye na picha ya wazee wake na aandike majina yao leo, ya wanaume na ya wanawake pia, na jina la mahali waliposimama, maadamu bado wapo wa kuulizwa.